Picha ya Mama Kwenye Faili Lililofungwa

Mimi ni mdadisi, na sijawahi kuuonea haya udadisi wangu. Mume wangu alipohamishiwa Kigoma kikazi nilifungua steshenari mtaa wa Gungu, na haukupita muda nikazijua habari za mtaa mzima, kwa kuwa anayekuja kuchapisha kitu hana budi kukuonyesha kitu chenyewe. Ilikuwa miaka ile Warundi wakiingia kwa wingi kupitia Kagunga, kijiji cha mpakani ziwani, wakivushwa kwa meli hadi mjini, kisha wakipelekwa kambini. Baadhi yao walirudi mjini kwa kibali cha siku, na wachache wakafika dukani kwangu.

Asubuhi moja aliingia mwanamke wa rika langu.

"Mwaramutse, mama," alinisalimu. "Kaka yangu ametuma picha kwenye kompyuta yako."

Alikuwa ametuma kweli, na mimi nilikuwa nimeshalihangaikia faili lake tangu jana yake. Lilikuwa faili lililobanwa, lile lenye alama ya kabrasha lililofungwa zipu. Majina ya picha yalionekana, ila kila nikibonyeza mojawapo kompyuta inadai paswedi. Kaka mtu alikuwa ameandika tu: dada yangu analijua neno. Nililala nikiliwaza hilo neno.

Mgeni wangu alinieleza shida yake bila kuzunguka. Mama yao alifariki Burundi, naye hakuweza kwenda kumzika. Kesho yake kambini walikuwa wafanye kuganduka, yaani kumaliza msiba, na alitaka picha ya marehemu iwekwe mezani. Watoto wake, waliozaliwa kambini, hawakuwahi kumwona bibi yao, na yeye alivuka mpaka na nguo za mwilini tu. Gari la kurudi kambini lilikuwa linaondoka mchana.

"Sasa hilo neno ni lipi?" niliuliza, vidole vikiwa tayari.

"Hakuniambia."

"Lakini kaandika unalijua."

Tulijaribu jina la mama yao, likakataa. Tukajaribu jina la kilima chao, maana Mrundi ukimuuliza kwao ni wapi atakutajia kilima kabla ya kitu kingine. Nalo likakataa. Tukaandika kwa herufi kubwa, tukaandika kwa herufi ndogo. Akaanza kuiangalia saa ya ukutani, nami nikaanza kumkasirikia mwanamume ambaye sijawahi kumtia machoni. Mtu gani anamfungia dada yake picha ya mama?

"Anaogopa watu," mwanamke yule alimtetea. "Atakuwa ametafuta kitu ambacho tumebaki tunakijua sisi wawili tu."

Halafu akacheka peke yake, akavuta kibodi, akaandika kwa kidole kimoja. Nilinyoosha shingo, lakini kwenye skrini vilijipanga vidoti vitupu. Faili likafunguka.

"Umeandika nini?"

"Chapisha kwanza, mama."

Nilizitoa picha zote nje ya faili, naye akanionyesha aliyoitaka. Nikaipeleka kwenye printa kama nilivyozoea. Wateja wangu hawakupenda picha yenye ukingo mweupe, walisema nimewapunja, ndiyo maana kwenye mipangilio niliacha siku zote ile alama inayoamuru picha ijaze karatasi yote. Ikatoka sura ya mama mmoja mrefu, safi kabisa. Nilijiona fundi. Yeye aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele tena.

"Inka yacu iko wapi?"

"Nini?"

"Ng'ombe wetu. Mama alisimama naye hapa. Jina lake ndilo nililoandika pale."

Nikarudi kwenye kompyuta. Kumbe picha ilikuwa pana, na printa, ili ijaze karatasi iliyosimama, ilikuwa imekata pande zote mbili. Niliilaza karatasi kwenye mipangilio, nikaiondoa ile alama, nikachapisha upya. Safari hii ilitoka nzima, na ukingo mweupe juu na chini. Mama katikati, kando yake ng'ombe mwenye pembe ndefu, na mwishoni kabisa mwa picha mkono wa mtu umeshika kamba. Mwenyewe hakuonekana, aliyepiga picha alimwacha nje.

Mwanamke yule akapumua. Nami kwa kuwa sijui kunyamaza, nikamwomba anitajie jina la ng'ombe. Alitikisa kichwa huku akitabasamu. Niliudhika kidogo, nikatafuta kingine cha kuuliza.

"Na huyu aliyeshika kamba, alikuwa mfanyakazi wenu?"

Akaweka mkono wake juu ya karatasi, sambamba na ule wa kwenye picha.

"Ni mimi," alisema. "Wanangu wataona kwamba na mimi nilikuwa na kwetu."