Barua ya Utambulisho kutoka Mwika

Kuna siku moja ya ukungu kule Mwika, mwanangu, ambayo nikiikumbuka sasa huwa sijui kama niliiishi au niliiota. Nilikuwa mwalimu mpya, na hapa Moshi mjini nilikuwa nimepata nyumba ya kupanga: vyumba viwili ghorofani, dirisha likitazama mlima. Mwenye nyumba, mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa pale chini, alitaka nakala ya kitambulisho, picha, na barua ya mwenyekiti wa kijiji chetu. Nisipoileta siku hiyohiyo kabla hajafunga duka, nyumba angempa mtu mwingine.

Nikapanda Mwika mbiombio. Barua nilishaiandika mwenyewe, imebaki sahihi na mhuri tu. Nilijiona mjanja kweli. Mwenyekiti, mzee wa rika la babu yangu, nilimkuta shambani akipogoa mibuni.

"Shikamoo babu. Naomba unisainie hapa, nina haraka."

"Marahaba." Akaisoma polepole, akanirudishia. "Imeandikwa ninakufahamu vizuri. Baba yako ninamfahamu. Wewe unakuja Krismasi, unakula, unashuka. Kaa kwanza nikufahamu."

Niliona aibu, na hasira pia, lakini mzee utamfanya nini? Nikakaa. Mkewe akaleta mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Mzee akaniuliza ninafundisha nini, ninaogopa nini, nikiugua huko mjini amwite nani. Ukungu ukashuka migombani mpaka nyumba ya jirani ikapotea, maji ya mfereji yakawa yanasikika tu, nami nikajikuta ninasema mambo ambayo hata mama sikuwahi kumwambia. Haraka yangu iliishia wapi, sijui. Alipogonga mhuri ilikuwa alasiri.

Nilimkuta yule mama akifunga duka. Barua aliitazama tu, kisha akapiga namba iliyokuwa chini yake.

"Mzee, huyu binti unamjua kweli?"

Nikasogea karibu na simu. Sauti ya mzee nikaisikia vizuri.

"Namjua. Anaogopa kulala peke yake, ila hasemi. Nakuomba umwangalie usiku wa kwanza."

Yule mama akanipa ufunguo. Machozi yalinitoka palepale dukani, maana sikuwahi kusemewa hivyo.

Basi mwanangu, nimekuona unakusanya karatasi zako za kupanga nyumba. Kabla hujamwomba mtu aandike kuwa anakufahamu, nenda ukakae naye, ule kwake, akuulize. Usimtafute kwa ajili ya mhuri tu. Mungu akupe mlango wa heri, na akujalie watu wa kukusemea mema.