Sauti Isiyokuwa na Tafsiri

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa mtambo. Bwana Msimamizi, mkuu wa gari letu la sinema pale Kwale, alinipa kitambaa cha pamba akaniamuru nifute lenzi hadi adhuhuri. "Chembe ya vumbi hapa," alisema, "kule ukutani ni jabali." Wiki ya pili ndipo aliponifundisha kupitisha utepe wa filamu kwenye magurudumu yake yenye meno. Ukiukaza unachanika, ukikwama mbele ya taa, unaungua kabla hujamaliza bismillahi.

Jicho liliulinda mtambo na mkono ulishika kipaza sauti, maana filamu zilisema Kiingereza na watu walitaka kuelewa. Kila filamu ilikuja na karatasi ya maelezo, nasi tuliifuata hiyo. Nilihamishiwa Msambweni, kisha Lunga Lunga, na huko ndiko nilikomkuta Bwana Ofisa, mtu wa kanuni, shati lake halina kunyanzi hata barabara ya Vanga iwe mbaya namna gani.

Chini yake tulipokea filamu ya anga. Mwanamke fundi amebaki peke yake katika chombo kilichopotea mbali na dunia. Wenzake wote wamekufa. Anazungumza na mitambo ili asisahau kusema. Mwishoni redio yake inalia, inatoka sauti isiyokuwa ya mtu wala mnyama, mikwaruzo na mluzi. Karatasi iliandikwa tu: kiumbe anasema.

Tuliionyesha Vanga alasiri moja, katika ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa magunia. Sauti ile ilipotoka, nilinyamaza. Watoto wakaanza kulia. Bi Mwanakombo, muuza samaki aliyekaa mbele, akageuka.

"Mwanangu, mbona kimya? Amesema nini?"

Sijui neno lilitoka wapi. "Anasema hodi."

"Karibu!" ukumbi mzima ukaitikia. Bi Mwanakombo akasimama kabisa, akimwelekea yule mwanamke ukutani: "Mjibu, mwenzetu! Usimwache mgeni mlangoni!" Watoto wakacheka huku machozi hayajakauka.

Bwana Ofisa hakucheka. Aliniita kando ya gari. "Karatasi haina neno hilo. Hukutafsiri, umetunga. Watu hawa wanatuamini."

"Watoto walikuwa wanaogopa, bwana."

"Basi waogope. Ndiyo filamu yenyewe."

Alininyang'anya kipaza sauti, akaniachia mtambo na kuniongezea jenereta. Niliitunza miaka mingi, masikio yakaharibika kidogo. Watu wa Vanga walikuwa wakiniita Bwana Hodi, nami nilitabasamu, lakini maneno ya mkubwa wangu yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Nilistaafu nikiwa bado najiuliza kama niliwadanganya.

Mwaka huu mjukuu wangu Zuhura, anayesoma Ukunda, aliipata filamu ile kwenye kompyuta yake. Tuliitazama baada ya chakula cha mchana. Kile chombo cha anga siku hizi kinaonekana kama masufuria yaliyoungwa, na Zuhura alicheka. Lakini ilipotoka ile sauti alinishika mkono. "Babu, inatisha!"

Nami ndipo nilipotambua jambo. Filamu ile niliionyesha mara nisizoweza kuhesabu, lakini dakika yake ya mwisho sikuwahi kuiona. Mwendesha mtambo wakati huo anatazama utepe unavyokwisha, kidole kiko kwenye swichi. Sasa nilikuwa mtazamaji tu.

Yule mwanamke alikuwa anatetemeka. Akafuta uso. Akafungua kabati, akatoa kikombe cha pili, akakiweka kando ya chake. Kisha giza.

Zuhura alitaka kuzima, nikamzuia hadi majina yote yakapita.

Vijana mnaoanza kazi, mtawapata wakubwa wenye haki watakaokosea, nanyi mtapatia pasipo kujua. Bwana Ofisa alifariki zamani, Mungu amrehemu. Sina kinyongo naye. Laiti angekuwa hai ningemwalika nyumbani tuitazame pamoja, wazee wawili tusio na mtambo wa kulinda.