Kengele ya Geti na Hodi Tatu

Tulipohama Buguruni kwenda Bunju, baba alipata kile alichokitamani miaka yote, kiwanja kikubwa. Kule Buguruni mlango wetu ulitazama njia, mtu akipiga chafya nje unamwombea afya ukiwa kitandani. Bunju nyumba ilikaa huku, geti likakaa kule, na katikati mihogo, mipapai na kuku wa mama. Baba alikuwa amestaafu bandarini na aliupenda umbali ule kama mtoto wake wa mwisho. Mimi niliuchukia, na sababu ninayo.

Mwaka ule nilikuwa naposwa. Kijana mwenyewe alikuwa fundi wa majokofu wa Temeke, nampenda wala sijifichi, na alituma wazee wawili, mjomba wake na shangazi yake. Walifika getini alasiri wakapiga hodi. Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa wa kuiitikia, mgeni anageuka, hasukumi geti la watu. Sisi tulikuwa uani nyuma ya nyumba, mama anatwanga kisamvu, redio inapiga taarabu, nami naimba juu yake kwa sauti niliyoidhani nzuri. Wazee walipiga hodi zao tatu, wakasikiliza, wakarudi Temeke kusema tumewakataa kwa kimya.

Nililia sana. Baba hakulia, ila alishinda akienda getini na kurudi, mama akasema afadhali angelia.

Aliyekwenda kusuluhisha ni shangazi yangu, dada yake baba, aliyebaki Buguruni. Alirudi na jibu kwamba watakuja mara moja tu tena, siku ya Jumamosi, saa hawakutaja. Nikasema basi, nitakaa getini tangu asubuhi. Shangazi alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mwanangu, posa haisubiriwi getini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakikukuta umetandazwa pale kama mafungu ya nyanya, watasema sie tuna haraka ya kukutoa."

Hata baba alikatazwa kukaa kule, hata jirani asiwekwe. Tulitakiwa tuwe ndani na shughuli zetu, tushtukie tu wageni.

Kwa hiyo posa yangu ikabaki mikononi mwa kengele ya Dubai. Mjomba wangu alikuwa ameileta zamani kidogo, enzi zile kila aliyekwenda Dubai alirudi na kitu ambacho hatukujua kama tunakihitaji. Ilikuwa vipande viwili visivyo na waya kati yao. Kimoja kilikuwa na jicho, unakiweka getini, mtu akipita mbele yake kinapeleka habari. Cha pili kinakaa ndani na kulia. Mezani ililia vizuri. Ikifungwa mahali pake, bubu. Baba alizilaumu betri, akaweka mpya. Akaulaumu mpapai mmoja, akaukata, mama akanuna hadi usiku.

Ijumaa nilimwambia baba tuijaribu upya. Kile cha kulia tukakiacha juu ya meza ya sebuleni, mimi nikakibeba chenye jicho, kila nikienda kidogo nakipungia mkono, na mama dirishani anapaza sauti, "Kimelia." Kikalia nikiwa barazani, kikalia nikiwa kwenye mihogo, kikalia hadi nilipofika getini. Baba akamshukuru Mungu. Kisha akavirudisha vyote kwenye makazi yao. Cha getini alikiingiza ndani ya kopo la maziwa ya unga alilolitoboa tundu la jicho, mvua isikiharibu. Cha ndani alikifungia kwenye kabati la chuma chumbani kwake, antena imekunjwa isivunjike, ufunguo mfukoni. Ndivyo alivyotunza kila kitu cha thamani. Nikarukaruka mbele ya geti kama mwendawazimu. Kimya.

Mama alitoka barazani na upawa mkononi. "Mzee, huyu umemfungia kwenye bati, yule umemfungia kwenye chuma. Watasikizanaje?"

Baba akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Kopo likatupwa. Jicho tukalivika kipande cha dumu la plastiki na kulifunga kwenye nguzo ya mti pembeni mwa geti la bati, usawa wa kifua, mbuzi wa jirani wapite chini yake. Cha ndani tukakiweka juu ya kabati la mbao karibu na dirisha, antena imevutwa yote. Ikalia tukaisikia mpaka uani, redio ikiwa wazi. Baba alikwenda getini na kurudi, akaenda tena, kwa furaha tu ya kusikia nyumba yake ikitangaza kwamba amefika.

Jumamosi ililia mapema, baba akavaa kofia. Kumbe ni jirani amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Baada ya alasiri ikalia tena. Shangazi yangu, aliyekuja kwetu tangu asubuhi, alikuwa amemwonya baba asubiri hodi, lakini kengele ilikuwa na mbio kuliko wageni. Wazee hawajafungua hata kinywa, baba ameshafika barazani anawaita juu ya mihogo, "Karibuni. Karibuni ndani." Shangazi akajishika kichwa.

"Leo mmetuitikia kabla ya hodi," alisema mjomba wa kijana alipokaa.

"Naitikia zile tatu za siku ile," baba akajibu.

Walicheka, na moyo wangu nyuma ya pazia ukatua kidogo. Posa ikasemwa. Kisha shangazi yangu akaingia chumbani kuniuliza, kama ilivyo desturi. Mwali huinamisha kichwa na kunyamaza, shangazi anarudi kusema amenyamaza, na hapo watu wote wanajua amekubali. Aliniuliza, akaanza kugeuka kabla sijavuta pumzi. Lakini mimi nilishaona kimya cha nyumba yetu kinavyosomwa na watu. Nikapaza sauti ifike sebuleni, ifike na uani:

"Nimekubali, shangazi. Waambie nimekubali."