Nilivyoikosa Australia kwa Kumkimbia Mama Mkwe

Jamani, chekeni mnavyotaka, ila mkimaliza msiende kumsimulia mtu kule mtaani kwetu Mshangano, maana wapo ambao mpaka leo wakiniona njiani wanajishika matako kwanza ndipo wananisalimia. Mimi Gaudensi, fundi wa injini za dizeli, niliyefundishwa na misheni mpaka nikapewa cheti chenye muhuri, niliikosa nchi ya watu kwa sababu ya kaptula. Ndiyo, kaptula! Aibu yake bado mbichi kabisa.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanakufa moja baada ya jingine. Shirika letu la malori hapa Songea likafa, sisi tukapunguzwa, malori yakabaki uani yakiota majani, na mjini mitumba ya kila namna inaingia na kila mtu anauza kitu. Basi ikaja habari kwamba kampuni moja ya migodi ya Australia inazunguka mikoani kutafuta mafundi stadi, na utaratibu wenyewe ukawa mtamu kuusikia: unapimwa, ukifaulu unapata viza ya kazi kwa mkataba, mke na watoto wanakufuata, na ukitumikia miaka yao bila doa unaomba ukaazi wa kudumu, yaani unakuwa mtu wa kulekule, hakuna wa kukwambia rudi kwenu. Mke wangu Kosta aliposikia hilo neno la kudumu, usingizi ukamwisha. Akaanza kuwazoesha watoto kula kwa uma (ugali wa uma, mmeshawahi kuuona?) na majirani wote akawaaga kabla hata sijagusa spana.

Mtihani ulifanyika palepale kwenye ua wa shirika letu. Msimamizi alikuwa mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Kofia, maana hakuivua hata kivulini, na mkalimani wake alikuwa mwalimu mmoja wa kike aliyehamia kwetu kutoka Moshi. Sharti lilikuwa moja lenye ukali. Mikoa mingine watu walikuwa wametuma mafundi wengine wawafanyie mtihani, kwa hiyo ukishatengeneza lori ulilopewa lazima utoke chini yake, usimame mbele ya Bwana Kofia, alinganishe sura yako na picha ya pasipoti, halafu ueleze ulichofanya. Asiyesimama mbele yake, basi tena.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kosta alikuwa amenishoneshea ovaroli mpya, ya buluu, imenyooshwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mimi nikajiambia, mzungu asinione na grisi, nitafanya kazi nimevaa kaptula yangu ya zamani, nikimaliza naingia stoo, navaa ovaroli, nasimama mbele yake safi kama bwana harusi. Zuberi, fundi mwenzangu aliyetokea Nalasi, akaniangalia nyuma akasema, "Gaudensi, hiyo kaptula imeshakufa, izike."

Nikamjibu, "We shughulika na injini yako, bwana."

Lori nililopewa stata ilikuwa haishiki, nikatandika boksi chini nikaingia kwa mgongo. Kazi ile naijua hata ukiniamsha usingizini. Nikaifungua, nikasafisha, nikarudisha, na wakati najivuta kuufikia waya wa mwisho kaptula ikanasa kwenye bolti ya ekzosi. Prraa! Nikapapasa nyuma, Mungu wangu, hamna kitu, nyuma yote imebaki imening'inia kwenye bolti. (Na chupi? Joto la Novemba lile, jamani, msiniulize.) Wala sikuogopa, stoo ilikuwa karibu tu. Nikapiga kelele, "Washa!" Dereva akawasha, injini ikakubali mara moja, na watu waliojazana kwenye uzio wakalipuka kwa makofi.

Halafu nikasikia vigelegele. Havikutoka kwenye uzio, vilitoka ndani ya ua, karibu kabisa na lori. Nikageuza shingo, nikachungulia katikati ya matairi, nikaona miguu ya mtu mzima na doti ya khanga niliyoinunua kwa mkono wangu mwenyewe. Mama mkwe! Kumbe Kosta alimbembeleza mlinzi amwingize mama yake asikie kwa masikio yake mkwewe akifaulu.

Ninyi mliokuja Songea kwa uhamisho mnaweza kuona ni jambo dogo. Sisi hapa mama mkwe ukikutana naye njiani unaacha njia unapita majanini. Huli mbele yake, humkazii macho, hata salamu mnapeana kwa mbali. Leo nimtokee na matako wazi? Bora lori linikanyage.

"Gaudensi!" Mkalimani akaita. "Toka, unasubiriwa!"

"Siwezi, mwalimu! Kuna mkwe!"

"Kuna nini?"

"Mkwe! Mwambie mzungu kuna mkwe!"

Akamtafsiria. Bwana Kofia akauliza kitu, mkalimani akainama usawa wa tairi, uso umemvurugika. "Anauliza huyo unayemwogopa ni askari?"

"Ni mama mtu mzima! Amesimama hapo!"

Nikachungulia, mzungu ameanza kutazama saa. Zuberi wa watu akanong'ona, "Toka mzee, nitakukinga na gunia," lakini akili ilikuwa imeshahama. Nikaamua nitokee upande wa pili, nikimbie kwa kuinama mpaka stoo. Nikachukua lile boksi nililolalia, nikalibana matakoni kwa mikono miwili, nikachomoka.

Lahaula! Upande ule ndiko walikokuwa wamejaa akina mama wote wa sokoni. Mayowe yaliyopigwa pale sijawahi kuyasikia tena. Bwana Kofia akaona mtu anakimbia ukaguzi, akapaza sauti, na mlinzi (ambaye miaka yote ile hakuwahi kukamata hata kuku) siku hiyo ndiyo akakumbuka kazi yake. "Mwizi!" Akanirukia, boksi kule, mimi huku, akanibeba mzobemzobe mpaka mbele ya mzungu, mbele ya mke wangu, mbele ya Songea nzima. Nilifumba macho kwa sababu mikono ilikuwa imeshikwa.

Nilipofumbua, Bwana Kofia alikuwa ananitazama usoni, akatazama picha, akatikisa kichwa. Mkalimani alijitahidi kunitetea, sauti inatetemeka kwa kicheko, lakini jibu likarudi kwamba mtu anayekimbia kukaguliwa ana jambo analificha. Nilimwona akilikata jina langu kwa mstari. Ni hivyo tu, Australia yote. Nafasi akapewa Zuberi, na leo amekwishapata ukaazi wa kudumu huko, yeye na watoto wake, na kila Idi anatutumia picha.

Kosta alikaa siku nyingi hanisemeshi. Siku aliyofungua mdomo ilikuwa kunifikishia ujumbe wa mama yake, maana kama mnavyojua mkwe haongei nami moja kwa moja.

"Mama anauliza," akasema, macho yamemjaa machozi, "kwani ulifikiri yeye hana adabu? Tangu aingie pale uani alikuwa ameligeuzia lori mgongo na kujitanda khanga usoni. Alikuja kusikia injini. Hakukuona hata kucha, mpaka leo."

Nikakaa chini. Songea nzima iliniona, isipokuwa yule niliyemkimbia! Tangu hapo nimeapa, mtu akiniita kwa jambo la maisha yangu natoka nilivyo, hata ukoo mzima wa mke wangu uwe umejipanga mstari. Tatizo ni kwamba hajatokea tena mtu wa kuniita.