Sahani ya Baba Mkwe

Mwaka ule mume wangu alipofariki, shemeji yangu alikuja kutoka Busawe wiki chache kabla ya Krismasi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeacha pikipiki inaunguruma nje, akasema wameonelea sikukuu ya mwaka huu iliwe kwake.

"Upumzike, shemeji. Umechoka. Mzee naye anaona hivyo hivyo."

Sikuwa nimechoka. Uchovu ni kitu unachokisikia mwilini, na mimi tangu mazishi nilikuwa sisikii kitu. Nilikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya kung'oa jino: unaigusa, unajua ni ya kwako, lakini haikuhusu. Watu wakinipa pole niliitikia asante kwa sauti ile ile ninayoitikia habari za asubuhi. Nilikwenda shuleni nikafundisha, nikarudi nikapalilia, nikapika, nikalala. Jirani mmoja alinisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza kokote. Machozi hayakuja tu, wala sikuyatafuta.

Lakini lile neno la kupumzika nililisikia vizuri. Krismasi ya ukoo wao ilikuwa inaliwa kwetu Ringwani tangu tujenge nyumba hii, kwa sababu mume wangu ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza, na baba yake alikula kwake. Anapokula mzee ndipo wanapokula watoto. Akianza kula Busawe, mwaka wa kwanza wataita mapumziko, wa pili wataita mazoea, na baada ya hapo wanangu watakuwa wageni kwa ndugu za baba yao, watu wa kualikwa pale wanapokumbukwa. Mimi nitabaki mwanamke anayekaa Ringwani jirani na kaburi. Na mzee wa Kikurya akikataa chakula cha nyumba fulani, hana haja ya kuongeza neno. Nyumba hiyo ameshaifunga.

"Mwambie baba aje," nilimwambia shemeji. "Mwaka huu hakuna kuhangaika. Hata mimi nitakaa nile."

Alinitazama kama anayetafuta pa kubishia, asipaone, akaondoka.

Sikukuu za zamani zilikuwa vita. Tulichinja ng'ombe, tukaazima masufuria ya kanisa, wanawake tukashinda jikoni macho mekundu kwa moshi. Nilikula nimesimama, kipande huku, kipande kule, na jioni sikukumbuka nimeongea na nani. Safari hii niliamua mbuzi mmoja, ugali wa ulezi, wali kidogo, na kila anayekuja aje na chochote. Huku kwetu kumwambia mgeni abebe chakula ni karibu sawa na kumtukana, na katika hali yangu ya kawaida nisingethubutu. Ganzi nayo ina faida zake. Niliwapigia simu mmoja mmoja bila aibu yoyote. Wifi yangu aliyeolewa Sirari, ambaye mdomo wake unaishi nusu Kenya, alinikatiza kwenye simu.

"Wifi, sasa hiyo ni Krismasi ama ni harambee?"

"Njoo na mchele," nilisema.

Nikaishughulikia nyumba. Kabati la vyombo nililisukuma chumbani, meza kubwa ikatoka uani. Makochi niliyageuza yatazamane, maana siku zote yalikuwa yamepangwa ukutani watu wakikaa kama wanasubiri kuitwa zahanati. Katikati nilitandika mikeka na mito niliyoishona kwa vitenge. Chupa za chai na vikombe niliviweka pembeni, kila mtu ajimiminie mwenyewe asinisumbue. Binti yangu akasimamisha tawi la mti wa Krismasi kwenye ndoo ya mchanga, akalizungushia karatasi za kumetameta. Nilipomaliza nilisimama mlangoni nikaitazama sebule. Ilipendeza. Nilijua inapendeza kama ninavyojua hesabu ya mwanafunzi iko sahihi, nikaiwekea vema moyoni, nikaenda kuosha ndoo.

Chumba cha nje nacho nilikifagia.

Hicho chumba tuligombana kwa sababu yake wakati wa ujenzi. Mimi nilitaka baraza pana. Mume wangu akachora kichumba ubavuni mwa nyumba, chenye mlango wake unaotazama zizi na dirisha dogo upande wa jikoni, kisichoingiliana na sebule hata kidogo. Fundi aliuliza kama ni duka. "Ni sebule ya baba," mume wangu alisema. Na alikuwa na haki. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani wakila. Tunasalimiana kwa mbali, mimi nimeinamisha macho, naye anatazama ng'ombe. Si chuki. Ni heshima, na mimi nimelelewa ndani yake, sijawahi kuiona mzigo. Miaka yote nimempikia yule mzee bila kumwona akitafuna.

Kati yetu alikuwa mume wangu. Nikishapakua, yeye huja jikoni, ananyoosha mkono juu kabisa ya rafu anaichukua sahani ya bati ya baba yake, nyeupe yenye ukingo wa buluu. Hakuna aliyeigusa ile sahani isipokuwa yeye. Anachagua nyama mwenyewe, anaweka kidari, anazunguka nje, anakaa na mzee mpaka amalize. Kisha anarudi na sahani tupu na salamu. "Mzee anasema umepika vizuri sana." Kila mwaka. Nami kila mwaka nilijifanya sikusikia, ili arudie.

Siku yenyewe ilikuja na jua kali. Tulipotoka kanisani walianza kufika. Shemeji alimleta mzee kwa pikipiki, taratibu, fimbo imelazwa mapajani, wakapitia upande wa zizi. Niliposikia wamefika nilitoka mpaka kona ya nyumba, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Akaingia chumbani kwake. Nikashusha pumzi. Amekuja, sasa ale.

Wifi aliingia na mchele, mkungu wa ndizi, na maneno. "Haya, mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema akiutua mzigo, na watu wakacheka. Wakacheka kweli. Kila mmoja alikuja na chake: maharage, samaki wa kukaanga, dumu la togwa. Sebule ilijaa, watoto wakalala juu ya mito, wanaume wakavua viatu. Hakuna aliyeniita kila dakika, na chai walijimiminia. Shangazi yao mmoja kutoka Nyangoto, mwanamke asiyesifu hata mvua, alikaa kwenye mkeka akanyoosha miguu. "Leo mgongo wangu umepata Krismasi," alisema.

Nilipakua, wakapeana sahani, nami nikakaa chini nikala. Nyama ilikuwa laini. Niliwatazama, nikatambua kwamba kila kitu nilichopanga kimetokea kama nilivyokipanga, lakini ilikuwa kama natazama sherehe ya watu wengine kwenye televisheni ya jirani. Pale mume wangu alipozoea kukaa alikuwa amekaa mtoto na togwa yake. Hilo pia halikuniuma.

Watu walikuwa wameshiba na wengine wanasinzia pale shemeji alipotoka kwenda kumwangalia baba yake. Alirudi akasimama mlangoni na uso mwingine.

"Mzee hajala."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini sebule nzima ilisikia. Shangazi alikunja miguu yake. Wifi aliweka kikombe chini.

"Kakuambia nini?" aliuliza wifi.

"Hajaniambia kitu. Amekaa tu, mikono kwenye fimbo. Nimemuuliza kama tuondoke, akasema bado."

"Ningejua," alisema wifi polepole. "Tungefanya kule Busawe. Mmemlazimisha mzee."

Wifi aliposema "mmemlazimisha" hakunitazama, na waliokuwa wananitazama waligeuza macho. Mmoja alianza kutafuta viatu vyake. Nilimwona binti yangu kando ya lile tawi la Krismasi, anasoma nyuso za watu wa baba yake mmoja baada ya mwingine, na nilijua anachosoma. Basi imeisha, nilijiambia. Hata hapo sikulia. Niliokota sahani zilizokuwa karibu nikaenda nazo jikoni, kwa kuwa mikono inajua kazi hata mwenyewe akiwa hayupo.

Nilipoinua kichwa kutafuta pa kuziweka, niliiona. Ilikuwa juu ya rafu, imefunikwa kifudifudi, ukingo wa buluu umeshika vumbi.

Nilisimama pale nikiitazama. Mzee hakukataa chakula. Mzee hakupewa chakula. Mimi nilipakua nikijua sahani yake inabebwa na mwanamume wa nyumba. Shemeji alidhani hapa si kwake, wenye nyumba wana utaratibu wao. Wifi alidhani ni shemeji. Watoto hawakuwahi kutumwa. Ukoo mzima umekula mpaka umelala, na mwenye ukoo amekaa upande wa pili wa ukuta anasikia vijiko vyetu, kwa sababu mtu mmoja aliyefanya kazi hiyo miaka yote hakuwahi kumwachia mwingine, na sisi hatukuwahi kuiona kuwa ni kazi.

Nilipanda juu ya ndoo nikaishusha. Nikaiosha. Ugali ulikuwa bado na joto ndani ya hotipoti, na kidari kilikuwa chini ya sufuria, hakuna aliyekigusa, nadhani kwa mazoea. Shemeji alikuja mlangoni akaona sahani, akaelewa, akashika kichwa.

"Lete nipeleke."

"Kaa," nilimwambia. "Mbuzi mmemla mmekaa, endeleeni kukaa."

Nilijifunika khanga kichwani, nikazunguka nje. Niliiweka sahani kwenye kizingiti pamoja na jagi la maji ya kunawa, uso nimeugeuzia zizini, nikaondoka haraka. Lakini sikurudi jikoni. Nilikwenda hadi kwenye lile dirisha dogo, nikaegemeza mgongo ukutani pembeni yake, asinione nami nisimwone. Nilisikia fimbo, kisha maji yakimwagika.

"Baba," nilisema. "Utusamehe. Chakula kimechelewa."

Katika maisha yangu ya ndoa sikuwahi kuongea na yule mzee zaidi ya salamu.

"Sikukataa chakula, mama," alisema. "Nilikuwa namsubiri alete."

Nikabana khanga mdomoni.

"Nikasema leo amechelewa, labda wageni ni wengi. Nikasubiri. Halafu nikatazama pale nje nikaliona kaburi, nikakumbuka. Nilipokumbuka nikaona aibu kuita. Mzee mzima ataitaje chakula."

Alianza kula, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akitafuna, polepole, kama mtu mwenye meno machache. Ng'ombe mmoja alilia zizini. Ndani ya nyumba walikuwa wametulia kabisa. Kisha alikohoa.

"Chumvi imezidi."

"Baba?"

"Chumvi. Imezidi. Kila mwaka inazidi. Nilikuwa namtuma akuambie, kila mwaka namtuma. Hakukuambia?"

Nilimwona mume wangu akizunguka kona ya nyumba na sahani tupu, anatunga uongo wake njiani, anafika jikoni na uso mkavu. Mzee anasema umepika vizuri sana.

"Hapana, baba," nilisema. "Aliniambia unasifu."

Upande wa pili wa ukuta kilitoka kitu, sikujua kama ni kicheko au ni kikohozi. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikateleza ukutani nikakaa chini kwenye majivu yaliyomwagwa kutoka jikoni na nguo yangu ya kanisani, na kicheko kikageuka hapo hapo. Nililia kwa sauti, kama nilivyopaswa kulia siku ile tuliyomzika. Iliuma kila mahali. Mzee aliniacha nilie, hakuniambia ninyamaze, na nilisikia anaendelea kula. Alikula mpaka nikasikia kidole kikikwangua bati.

Kisha nikaisikia sahani ikitua kwenye kizingiti.

"Mwakani upunguze," alisema.