X Nyekundu Ukutani Kwangu

Leo nimempiga msanifu majengo kwa mwiko wa ugali. Sijutii!

Juzi alikuja hotelini kwangu, mtaa wa Hai Mauna, na kamera, eti anatengeneza filamu ya majengo ya Juba. Akaomba kuchora X kubwa nyekundu ukutani.

Nikamwambia hapa X nyekundu ni nyumba ya kubomolewa.

"Ni sanaa tu, mama. Nitaifuta."

Hakuifuta.

Leo asubuhi tingatinga hili hapa! Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Dereva akasema, "Mama, alama iko. Khalas, imekwisha."

Ukuta ukalalia masufuria yangu yote.

Kugeuka, namwona msanifu na kamera yake. "Mama, lia tena, lakini angalia huku."

Jamani, mngefanyaje?

Shati lake limejaa damu. Nimemwambia ni sanaa tu, ataifuta.