Matofali ya Mama na Wataalamu wa Radi

Mtu akiniuliza leo kama mvua itanyesha, namwambia atazame mwenyewe, ana macho. Wanangu wanasema nina kisirani. Sawa, ninacho. Nilikipata miaka ile ya kuhamia vijijini, kule juu kati ya Lushoto na Mlalo, nilipokuwa mwalimu wa darasa la tatu na mmoja wa watu watatu waliopewa jina la wataalamu wa radi.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mtu wa Tanga, aliyeshonea kwenye baraza ya duka la ushirika. Mdomo wake haukujua kupumzika. Wa pili alikuwa mzee wa Songea aliyewahi kuwa nyapara kwenye mashamba ya chai. Alistaafu akakataa kurudi kwao, eti mvua ya huko haina akili. Wa tatu ni mimi. Hakuna aliyetutuma wala hatukuwa na kipimo chochote cha serikali. Tulitaka tu kujua, kabla mchana haujageuka, kama radi zitapiga au hazitapiga, na tulibishana juu ya hilo mpaka chai yangu ya mapumziko ikapoa kikombeni.

Kila mmoja alikuwa na njia yake. Mzee alikuwa na redio yenye koti la ngozi. Aliupeleka mshale mahali pasipo na stesheni, penye mkoromo mtupu, akatega sikio. Radi ikipiga mbali, hata kama kwetu jua linawaka, redio hutoa sauti: kraa! Ikiwa moja moja, hakuna neno. Zikifuatana, mzee ananyanyua kidole na sisi tunanyamaza. Betri zilikuwa adimu, kwa hiyo zikichoka alizianika juani kama makopa ya muhogo, zikapata nguvu kidogo. Fundi aliamini mkanda wa cherehani yake: ukilegea bila kuguswa, basi hewa imejaa maji. Mimi nilitazama mawingu ukingoni mwa mlima, upande wa bonde la Mombo. Yakivimba kama koliflawa mapema, siku hiyo kuna jambo. Tena basi la kutoka Mombo likisimama pale dukani, nilimrukia utingo kumuuliza huko chini joto likoje. Yule kijana alizoea kunijibu, "Shikamoo kwanza, mwalimu. Joto baadaye."

Watu walitupenda mwanzoni. Mwenye nguo za kufua alituuliza, mwenye maharage ya kuanika alituuliza, hata katekista alipita siku moja kuuliza kama ibada ya nje itafaa. Fundi alivimba kichwa. Ikiwa dalili hazipo, alisimama barazani akatangaza kwa sauti ya mnadani, "Leo hakuna radi wala mate ya radi! Nendeni mkalale!" Watu walicheka wakaenda zao.

Sasa nieleze habari za mama, kwa sababu bila yeye haya yote yangebaki porojo za barazani.

Mama yangu alikuwa mjane, mtu wa Rangwi aliyeolewa huku. Tulipoambiwa tuhamie kijiji kipya, nyumba aliyoachiwa na baba kule kilimani ilibomolewa, naye akapewa chumba nyumbani kwa shemeji yake. Chumba cha kupewa! Ukiomba chumvi, inasemwa wiki nzima. Ukikohoa usiku, asubuhi unaulizwa kwa nini ulikohoa. Mimi nililala kwenye nyumba ya walimu, watatu chumba kimoja, na nilipomwona mama akifagia uwanja wa watu kama mtumishi nilitamani kumpiga mtu ngumi. Kiwanja chake katika kijiji kipya alikuwa amegawiwa. Alichokitaka kabla masika hayajaingia ni nyumba yake mwenyewe, ya matofali ya kuchoma, afunge mlango na ufunguo akae nao.

Akafyatua matofali kwa mikono yake. Alikanyaga udongo, akajaza kalibu, akamimina, akayapanga kiwanjani yakauke kabla ya kuyapanga tanuri na kuyachoma. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Ukilifunika kila siku, halikauki, na hapo juu kwetu kwenye baridi hata jua kali hukausha kwa kusuasua. Kwa hiyo swali la kila mchana lilikuwa moja: afunike au aache wazi? Mimi nilipita dukani, tukasikiliza redio, tukagusa mkanda, tukatazama ukingo wa mlima, nikateremka kumwambia, "Mama, acha wazi." Akaacha wazi. Na kweli haikunyesha. Hatukukosea hata siku moja, na balaa lilianzia hapo hapo.

Kwa maana mwaka ule vuli ilitudanganya. Ilinyesha kidogo, watu wakapanda, kisha mbingu ikafunga. Mahindi yakaanza kujikunja majani. Shamba la kijiji, lile la pamoja lililokuwa ng'ambo ya kiwanja cha mama, likawa rangi ya gunia. Na kwetu kuna desturi ambayo mimi na usomi wangu sikuikumbuka, wala fundi wa Tanga na mzee wa Songea wasingeweza kuijua: mfyatua matofali hufunika. Hata mbingu ikiwa nyeupe, jioni anatupia majani ya migomba juu yake. Ni adabu, kuwaonyesha majirani kwamba anaiogopa mvua kama watu wengine. Asiyefunika ana sababu. Na sababu inajulikana: ameifunga mvua mpaka matofali yake yakauke.

Mama aliijua desturi hiyo. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuniambia, alinijibu, "Wewe si ndiye mwalimu?"

Maneno yalianzia kisimani. Jirani mmoja, bibi ambaye mahindi yake yalikauka ya kwanza, aliweka ndoo chini akasema kwamba kuna mtu hapa kijijini analala usingizi wakati wengine wanatazama juu. Hakutaja jina. Mwingine akadakia kwamba binti yake huyo mtu huenda kila siku kwa mganga wa Songea mwenye redio. Mganga! Mzee wa watu aliyeshindwa hata kuponya mafua yake! Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa Kisambaa kuna neno zito kuliko uchawi, kubana shi, yaani kuibana nchi isizae, na mtu akishabandikwa hilo halibanduki hata kwa sabuni. Fundi aliposikia aliacha matangazo yake papo hapo. Alikuwa amechelewa. Watu walikuwa wanakumbuka kila siku aliyosema hakuna radi, na kila siku hiyo radi haikupiga.

Nilimwambia mama aanze kufunika. "Nikianza leo watasema nimeshtuka," akanijibu.

Halafu akaja balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mpole, aliyeogopa ugomvi kuliko njaa. Alibisha hodi, akamwamkia mama shikamoo kwa heshima zote, akakaa ukingo wa benchi.

"Dada," akasema, "mimi ni mtu wa Chama. Chama hakiamini ushirikina."

"Vizuri," mama akasema.

"Lakini watu wana njaa. Mwagia maji yale matofali. Kidogo tu, dada. Watu waone yameloa, watulie. Kabla ya siku ya gulio. La sivyo itabidi tuite mkutano, na kwenye mkutano mimi siwezi kushika midomo ya watu."

"Kidogo tu ni kiasi gani?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya mtoto aliyelelewa. "Tofali likiloa kidogo linakuwa nyumba kidogo?"

Mama akanikata jicho. Akamwambia balozi amesikia. Hakumwambia atafanya au hatafanya.

Siku zile sikutulia. Darasani niliandika ubaoni nikasahau nilichokuwa naandika. Watoto walinisomea hesabu zilizokosewa nikasema vizuri. Kila dakika nilichungulia dirishani, na kilichonitesa ni kwamba sikujua niombe nini. Ikinyesha, mama ametakasika na nyumba imekwenda. Isiponyesha, nyumba ipo na mama ni mchawi. Dua gani hiyo? Niliomba mvua inyeshe kijiji kizima iruke kiwanja kimoja, nikajiona mwendawazimu.

Kisha ikaja siku ambayo redio ilianza kukoroma vibaya tangu asubuhi. Nilipofika barazani wakati wa mapumziko, mzee hakunyanyua kidole. Alikuwa amekaa ameishika redio kwa mikono miwili. Kraa, kraa-kraa, kraa. "Haijawahi," akasema. Fundi alinionyesha mkanda unaning'inia. Basi likaja, utingo akashuka amelowa jasho mgongo mzima, akasahau hata shikamoo yake. "Mwalimu, Mombo hakukaliki. Mbuzi wote wamelala chini ya magari." Nikatazama ukingoni. Koliflawa tupu, nyeupe, zinapanda huku nazitazama.

Ilikuwa mara ya kwanza sisi watatu kukubaliana. Siku nyingine yoyote tungeshangilia.

"Mwalimu, kimbia," fundi akasema, bila mzaha hata chembe.

Nilikimbia. Darasa nililiacha kwa mwenzangu bila kuaga. Nilipofika kiwanjani jua lilikuwa linawaka juu ya vichwa vyetu, mbingu ya samawati, na mama alikuwa anageuza matofali upande wa pili. Sikumwamkia. Nilikumbatia rundo la majani makavu ya migomba lililokuwa kando nikaanza kutupia juu ya safu ya kwanza.

"Weka chini," mama akasema.

"Mama, leo inanyesha. Kweli kabisa. Nisaidie!"

"Nimesema weka chini."

Akanishika mkono, akanigeuza nitazame ng'ambo. Ilikuwa zamu ya shamba la pamoja. Kijiji kizima kilikuwa pale kwenye mteremko, na majembe yalikuwa yamesimama. Wote walikuwa wanatutazama.

"Kiangazi chote sijafunika," mama akasema, polepole, kwa Kisambaa, kama anayemweleza mtoto. "Leo jua linawaka hivi, nifunike. Halafu inyeshe. Wataniambia nini?"

Nilijua watamwambia nini. Watamwambia: alijua, kwa sababu kamba ya kuifungia mvua ilikuwa mkononi mwake.

"Basi tuyabebe tuyaingize ndani!"

"Ndani kwa nani?"

Nikalia, sikufichi. Nikalia kwa hasira, nikapiga teke lile rundo la majani likatawanyika. Mama akachukua kigoda chake akakiweka katikati ya kiwanja, mahali ambapo kila aliye ng'ambo angemwona, akakaa. Mikono mitupu juu ya mapaja. Nami nikasimama nyuma yake, sijui kukaa, sijui kuondoka. Nilizunguka kile kigoda mpaka akaniambia nimtulizie macho.

Wingu lilichukua muda wake. Lilikwea ukingo, likasimama, nikafikiri limeghairi, nikafurahi, nikaona aibu kufurahi. Kisha jua likazimika, upepo wa baridi ukashuka na harufu ya vumbi lililoloa, na radi ya kwanza ikapiga mpaka nikainama. Mama hakuinama. Tone la kwanza liliangukia tofali, likachimba kishimo. Nililiona. La pili, la tatu, halafu sikuhesabu tena.

Pembe ndizo zinazoondoka kwanza. Tofali linaanza kuwa kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni, halafu mgongo unashuka, halafu hulitambui. Mama aliyatazama yote. Alikuwa ameloa kitenge kimemganda mwilini, na sijui kama alilia kwa sababu uso mzima ulikuwa maji.

Ng'ambo walikuwa wanapiga vigelegele. Wanawake waliacha majembe wakateremka wanacheza kwenye tope, wakavuka kijito, wakapanda mpaka kwetu. Mbele yao alikuwa yule bibi wa kisimani. Nikasema moyoni sasa ataomba radhi, na mimi nitamwambia yangu yote, moja baada ya moja. Alifika, akasimama juu ya yale yaliyokuwa matofali, akaipokea mikono ya mama kwa mikono yake miwili, akapiga goti.

"Ahsante, mama," akasema. "Umetufungulia. Mungu akuzidishie."

Na wenzake wote nyuma: "Ahsante, mama. Umetufungulia."

Nyumba yake yote ilikuwa inatiririka kuelekea kijitoni, ameitoa ili wajue hakufunga kitu, na wao wanamshukuru kwa kufungua! Nikafungua mdomo. Mama akanifinya ubavuni, ule ufinyo wa utotoni unaobaki siku mbili.

"Tumshukuru Mungu," akawajibu. Hakukana, hakukubali. Akawauliza hali za mashamba yao, akawaaga mmoja mmoja.

Walipoondoka nilimgeukia. "Mama, umewaachaje waondoke hivyo? Wanaamini ni wewe! Mpaka kufa kwako wataamini ni wewe!"

Alikuwa anakamua upindo wa kitenge chake, maji ya tope yanachuruzika miguuni.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Mtu anayefungua mvua hawawezi kumwacha alale kwa shemeji."

Kesho yake asubuhi, nilipopita kwenda shuleni, balozi alikuwa kiwanjani anapima pembe za nyumba kwa kamba, na wanaume wanashuka kilimani na fito mabegani.